Geji inasema sawa, pampu imekwisha: kagua ndani ya mashine yako ya kukamua

MISIKHU – Ng'ombe huyo alikuwa ametibiwa ugonjwa wa kiwele mara mbili katika muda wa miezi mitatu, tena robo ileile ya nyuma upande wa kushoto. Kila mara mwenyewe, mama anayefuga ng'ombe wanne wa maziwa si mbali na soko la Misikhu, alilipia dawa, kisha akamwaga maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa zikaisha. Mara ya tatu afisa wa mifugo hakwenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Aliomba kwanza aone mashine ya kukamua.

“Mashine ni nzima, daktari,” mama akamwambia. “Angalia mshale, uko palepale kama siku niliyoinunua.”

Alikuwa anasema kweli. Mshale wa geji ulikuwa kwenye 45. Daktari akafungua kikombe kimoja cha chuchu, akakiacha kivute hewa tupu. Mshale ukaanguka hadi chini ya 30 na ukakaa huko. Siku mbili baadaye nilikuwepo fundi alipofungua pampu. Vibao vilivyomo ndani, ambavyo ndivyo hasa vinavyovuta hewa, vilikuwa vimelika karibu nusu ya upana wake.

Makala haya ni kwa ajili ya wafugaji wa Kaunti ya Bungoma na majirani zetu wa upande wa Kitale ambao wamenunua mashine za kukamua, au ambao vikundi vyao vinapanga kununua. Wengi wetu bado tunakamua kwa mkono, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini zile mashine ndogo za magurudumu zenye ndoo moja au mbili zinazidi kuonekana vijijini, na karibu zote zinategemea pampu ya aina moja. Pampu hiyo huchakaa polepole bila kelele, na geji iliyo juu ya mashine hailalamiki mpaka mambo yameharibika.

Kilicho ndani ya pampu

Ukifungua kifuniko cha pampu utaona silinda, na ndani yake chuma cha mviringo kinachozungushwa na mota. Mafundi hukiita rota. Rota haikukaa katikati ya silinda. Imesogezwa upande mmoja hadi karibu iguse ukuta, na upande wa pili imebaki nafasi pana. Rota imekatwa mifereji, na katika kila mfereji kumetumbukizwa kibao chembamba kinachoweza kuingia na kutoka. Rota ikizunguka, kasi huvirusha vibao nje hadi viguse ukuta wa silinda. Nafasi kati ya kibao na kibao hupanuka inapopita upande mpana, ikavuta hewa kutoka kwenye bomba la mashine, kisha hupungua inaporudi upande mwembamba, ikaisukuma hewa hiyo nje. Hivyo ndivyo mvuto unavyopatikana. Pampu ya namna hii si jambo la jana: Charles Barnes wa New Brunswick, Kanada, aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1874.

Fundi wa magari pale Misikhu ameishika pampu hii mara nyingi hata kama hajawahi kuona mashine ya kukamua. Matatu nyingi za dizeli za miaka iliyopita zina pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta, inayosaidia breki. Ndani yake mna rota na vibao. Pampu ya usukani ya malori yanayopita barabara ya Webuye kwenda Kitale ni ya ukoo huohuo, na vilevile ile iliyo kwenye lori la kunyonya maji taka. Kwa hiyo mfugaji akiambiwa kwamba kifaa hiki kinahitaji mtaalamu kutoka Nairobi, asikubali haraka. Ujuzi upo karibu. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo na kumbukumbu.

Kuna pampu za aina mbili, na ni lazima ujue yako ni ipi. Aina ya kwanza hutumia oili: ina kikombe au chupa ya oili inayodondosha matone ndani wakati inazunguka, na vibao vyake huwa vya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Aina ya pili ni kavu. Vibao vyake ni vya kaboni nyeusi, na hujilainisha vyenyewe kwa unga mwembamba unaotoka vinapokwaruzana na ukuta. Pampu kavu haitiwi oili hata tone. Oili ikichanganyika na unga wa kaboni huwa tope zito, vibao hukwama kwenye mifereji na hatimaye huvunjika. Fundi aliyefungua pampu ya mama yule aliniambia kwamba amezika pampu kavu kadhaa zilizouawa na mtu mwenye nia njema na chupa ya oili.

Kwa nini geji haisemi ukweli wote

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea, na kusema kweli hata mimi nilidhani geji ndiyo neno la mwisho.

Mashine za kukamua hufanya kazi katika mvuto wa kati ya kilopaskali 40 na 50 hivi, kulingana na muundo wake. Geji nyingine husoma kwa inchi za zebaki, ambapo kilopaskali 45 ni kama inchi 13. Lakini pampu nzima huweza kuvuta zaidi ya hapo. Ili isimuumize ng'ombe, mashine imewekewa vali ya kudhibiti mvuto. Mvuto ukizidi, vali hufunguka na kuingiza hewa ya nje, mshale ukabaki kwenye 45. Mlio wa hewa unaosikika kwenye vali hiyo mashine inapozunguka bila ng'ombe ni akiba ya pampu ikiingia na kutoka bure.

Sasa vibao vikianza kuchakaa, pampu huvuta hewa kidogo kuliko mwanzo. Vali nayo hupunguza hewa inayoingiza. Mshale haujongei. Mwezi baada ya mwezi akiba inaliwa, mlio wa vali unafifia, na geji bado inasema 45. Siku akiba inapokwisha ndipo mshale huanza kuyumba, tena si wakati mashine imetulia bali wakati unamvisha ng'ombe vikombe na hewa inaingia kwa wingi. Wakati huo macho ya mkamuaji yako kwenye kiwele, hayako kwenye geji.

Vibao vyenyewe vinasaidia kuficha ugonjwa. Kibao kikilika kwa milimita moja, hutoka nje milimita moja zaidi na kuendelea kugusa ukuta. Ni sifa nzuri ya pampu hii na ndiyo iliyoifanya ipendwe, lakini ina mwisho. Kibao kikiwa kifupi mno, sehemu kubwa yake huwa nje ya mfereji na kidogo tu ndicho kimeshikwa. Huanza kulala upande, kikapiga kingo za mfereji, kikakwama au kukatika. Kipande kimoja kilichokatika kikizungushwa na rota hukwaruza silinda nzima kwa muda mfupi sana. Hapo hununui vibao tena. Unanunua pampu.

Na ng'ombe je? Mvuto unapoyumba, kikombe hulegea kwenye chuchu na hewa huingia kwa ghafla. Hewa hiyo hubeba matone ya maziwa na kuyarusha kwa nguvu kurudi kwenye tundu la chuchu, na kama kuna vijidudu kwenye kikombe, vinasukumwa ndani. Chuchu moja yenye ugonjwa huweza hivyo kuambukiza nyingine. Ukamuaji nao huchukua muda mrefu, chuchu zinavutwa kupita kiasi na ncha zake hukauka na kuwa ngumu. Ugonjwa wa kiwele una sababu nyingi, kuanzia uchafu wa boma hadi mikono isiyonawiwa, na pampu si ya kulaumiwa kila mara. Lakini robo ileile ikiugua tena na tena, au ng'ombe wawili watatu wakiugua kwa kufuatana tangu mashine ije, mashine ni mshukiwa.

Kabla ya kushika spana

Pampu inaweza kuonekana imechoka kumbe tatizo liko kwingine, na kuifungua bila sababu ni kuiletea vumbi. Anza na mkanda. Mkanda uliolegea huteleza kwenye puli, rota hupoteza kasi, na vibao havirushwi nje inavyotakiwa. Kisha umeme. Jioni stima ikiwa na nguvu ndogo, mota huzunguka polepole na kupata joto. Wanaokamua kwa jenereta ndogo wanajua jambo hili. Kama umeme wako ni wa nyaya tatu na kuna mtu aliyegusa waya hivi karibuni, hakikisha pampu inazunguka upande unaoonyeshwa na mshale uliochorwa juu yake. Safisha kichujio cha hewa. Kagua mipira ya ndani ya vikombe na mabomba yake: mpira uliopasuka huvujisha hewa usiku na mchana, na ni wa bei ndogo kuliko chochote nitakachokitaja hapa chini. Vali ya kudhibiti nayo hukusanya vumbi na manyoya ya ng'ombe.

Halafu fanya jaribio la kuitenga pampu. Ondoa bomba linalotoka kwenye ndoo, unganisha geji karibu na mdomo wa pampu, ziba mdomo huo kabisa, washa kwa muda mfupi usiofika dakika moja, soma mshale, zima. Usiiache izunguke imezibwa, kwa maana itapata joto haraka. Kama pampu peke yake inavuta vizuri lakini ikiunganishwa na mashine inashindwa, tafuta tundu kwenye mabomba kabla hujailaumu pampu.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya maelekezo havitakuambia, kwa sababu viliandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu. Misikhu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Kitale iko karibu mita 1,900. Kwenye usawa wa bahari hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101. Huku kwetu Misikhu ni kama 84, na Kitale ni kama 80. Hakuna pampu duniani inayoweza kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Kitabu kikisema pampu nzima ifike 85 au 90 ikizibwa, na yako ya Misikhu ikaishia 74, usikimbilie kuitangaza mbovu. Imeondoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za hewa iliyopo, kama ile ya baharini. Mfugaji asiyejua hili anaweza kuuziwa pampu mpya asiyoihitaji, na ile mpya itaishia palepale kwenye 74.

Kwa hiyo kipimo bora ni pampu yako mwenyewe ilipokuwa mpya. Mashine ikifika nyumbani, andika namba tatu nyuma ya mlango au kwenye daftari la maziwa: mshale unaishia wapi pampu ikizibwa, sekunde ngapi zinapita tangu kuwasha mpaka mshale kufika mvuto wa kazi ndoo ikiwa tupu na vikombe vimezibwa, na mshale unashuka kiasi gani ukifungua kikombe kimoja. Rudia kila mwezi kwa saa ya simu yako. Sekunde ndizo zinazosema mapema kuliko vyote, kwa sababu zinahesabu kiasi cha hewa pampu inachoweza kuhamisha, wala si mvuto peke yake. Mafundi wenye vifaa kamili hutumia kipimo cha mtiririko wa hewa na kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6690, ambacho hupima akiba kwa kuangalia hewa inayoweza kuingizwa kabla mvuto haujashuka kwa kilopaskali 2. Huna kifaa hicho, lakini una saa na kikombe. Sekunde zikiongezeka mwezi hadi mwezi ilhali mkanda, mipira na vali viko sawa, ni wakati wa kufungua.

Kufungua na kupima

Chomoa waya kwenye soketi. Usizime swichi tu, kwa sababu stima zetu zina tabia ya kurudi bila hodi. Toa mkanda. Panguza vumbi lote nje ya pampu kabla ya kulegeza bolti hata moja, kisha tia alama kwa msumari kwenye kifuniko na kwenye silinda ili virudi vilivyokuwa. Tandaza gazeti safi.

Vibao vitolewe kimoja kimoja na kupangwa kwa mfuatano, kila kimoja kikiandikwa kimetoka mfereji upi na upande upi ulikuwa unatazama mbele. Vya kaboni vishikwe kama mayai. Kwenye pampu za zamani ambazo hujui vibao vyake vilitengenezwa kwa nini, usipulize unga uliomo wala kuvikwaruza kwa msasa. Vibao vingine vya miaka hiyo vilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata chombo. Rudisha kibao kwenye mfereji wake, kisukume hadi chini kabisa, na uangalie kimezama kiasi gani chini ya uso wa rota. Kibao kipya huwa karibu sawa na uso wa rota au kimezama kidogo tu. Kilicholika huacha shimo unaloweza kuingizia ukucha. Baada ya hapo chukua kalipa na upime upana wa kibao mahali patatu, mwanzoni, katikati na mwishoni. Vipimo vitatu visipolingana, kibao kinalika mshazari na huenda silinda au beringi ndiyo chanzo. Watengenezaji hutoa kipimo cha chini ambacho kibao hakipaswi kupita. Kiko kwenye kitabu, au muulize aliyekuuzia kwa kumpa namba iliyo kwenye kibandiko cha pampu. Namba hiyo hutofautiana kati ya pampu na pampu, kwa hiyo usichukue ya jirani.

Kingo za kibao zinazogusa ukuta huwa na mviringo au mshazari kidogo. Huo ni uchakavu wa kawaida, usioupiga msasa ukidhani unanyoosha. Kinachotisha ni kibao kilichomeguka pembeni, chenye ufa, au ambacho tabaka zake zimeanza kuachana kama mbao ya plaiwudi iliyonyeshewa. Na vibao hubadilishwa vyote kwa pamoja. Ukiweka kimoja kipya kati ya vitatu vilivyochoka, rota haitakuwa na uzito sawa pande zote, na kipya kitabeba kazi ya wenzake.

Kisha angalia mifereji. Kibao kikavu na safi kinapaswa kuteleza kwa uzito wake mwenyewe ukiinamisha rota. Kikikwama, kuna gundi ya oili iliyooza au kingo zimefura. Kikicheza upande kwa upande, mfereji umepanuka. Fundi ataingiza fila geji kuona ni kwa kiasi gani. Mfereji uliopanuka ni habari mbaya, kwa sababu kibao kipya kitalala humo kama kilivyolala cha zamani.

Ukuta wa silinda utazame kwa tochi ya simu, ukiishika ya kulala, kisha pitisha kidole. Ukuta mzuri ni laini kama ndani ya kikombe. Mbaya una mawimbi madogo ya kufuatana, mfano wa barabara ya murram iliyopigwa na malori ya miwa. Mawimbi hayo hutokana na vibao vinavyorukaruka badala ya kuteleza, mara nyingi kwa sababu ya oili kukosekana, uchafu, au vibao vilivyochoka kuachwa muda mrefu. Yakishaanza hujiongeza yenyewe: kibao kikipiga wimbi moja kinatengeneza linalofuata. Ukiweka vibao vipya juu ya ukuta wa namna hiyo vitalika haraka sana. Mawimbi mepesi yanaweza kusawazishwa na mtu mwenye mashine ya kuchonga silinda, kama wale wanaochonga injini. Ila kila unyoya wa chuma unaotolewa huongeza safari ya kibao, hivyo kuna kikomo.

Vifuniko vya mwisho wa silinda husahaulika, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyowaponza mafundi wetu wengi. Rota huzunguka karibu sana na vifuniko hivyo, ikiacha mwanya wa sehemu ndogo ya milimita. Duara za mikwaruzo zenye kina kwenye kifuniko zinaonyesha rota imekuwa ikisugua, na hewa hupita humo kurudi ilikotoka. Lakini kosa baya zaidi hufanywa wakati wa kufunga. Pampu nyingine zina karatasi nyembamba kati ya silinda na kifuniko, na unene wa karatasi hiyo ndio unaoweka mwanya. Fundi akiikosa na kukata nyingine kwenye katoni ya sabuni, au akipaka gundi ya silikoni kwa wingi, mwanya unaongezeka mara kadhaa. Pampu itafungwa na vibao vipya kabisa na bado itavuta vibaya kuliko kabla haijafunguliwa. Mfugaji ataambiwa vibao ni bandia. Pengine ni vizuri, ni katoni tu.

Mwisho ni beringi na sili. Shika shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, rota inaweza kugonga silinda pale inapokaribia ukuta, na utaona alama inayong'aa mahali hapo. Beringi inayonguruma ukiizungusha kwa mkono ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa pampu imeshafunguliwa na gharama ya kazi umeshailipa.

Oili, maziwa na maji

Kwenye pampu ya oili, kasi ya matone imeandikwa kwenye kitabu chake, nayo haipaswi kukisiwa. Tone likikosekana vibao huungua. Yakizidi, oili hutapakaa ukutani na kunata. Tumia oili iliyotajwa na mtengenezaji. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari ina chembe za chuma na masizi, na ukiitia kwenye pampu ni sawa na kuitia msasa. Mafuta ya kupikia, ambayo nimesikia yakitumika pale duka lilipofungwa, hugeuka gundi.

Jambo jingine linaloua vibao ni maziwa. Kati ya ndoo na pampu kuna chupa au mtungi wa kunasa maji na maziwa yasifike kwenye pampu. Ukiona mtungi huo una maziwa, tafuta yalikopitia kabla ya kukamua tena. Maziwa yakiingia ndani huchacha, hula chuma na kugandisha vibao usiku kucha, na asubuhi mota ikiwashwa inavuma bila kuzunguka. Mvuke wa maji unaobaki baada ya kuosha mashine nao hufanya kutu, hivyo ni vizuri pampu izungushwe dakika chache ikivuta hewa kavu baada ya kazi.

Baada ya kurekebisha

Kwa mama wa Misikhu, silinda ilikuwa bado laini, bahati yake. Vifuniko vilikuwa na mikwaruzo myepesi, beringi moja ilinguruma. Fundi alipima, akaandika namba za kibandiko, na vipuri vikatafutwa Kitale. Kuna aliyemshauri akachongewe vibao kwa bei ya chini, na fundi akakataa. Unene ukizidi kidogo tu, kibao kikipata joto huvimba na kukwama mferejini, na nyenzo isiyofaa hula silinda badala ya kuliwa yenyewe. Kibao kiliwe, silinda ibaki. Ndivyo pampu ilivyokusudiwa.

“Mama, hii namba usiifute,” alimwambia alipokuwa akifunga, akaandika ukutani kwa chaki idadi ya sekunde. Mama akasema chaki itafutwa na mbuzi. Akaleta kalamu ya rangi.

Pampu iliyowekwa vibao vipya haifiki ubora wake saa hiyo hiyo. Vibao huhitaji kukwaruzana na ukuta mpaka vishike umbo lake, kwa hiyo pima tena baada ya siku chache za kazi na uchukue namba za wakati huo kuwa ndizo za kulinganishia. Usiongeze mvuto kwa kukaza vali ya kudhibiti ili kufidia pampu dhaifu, wala usiiache ilivyokuwa kama kuna mtu aliikaza. Pampu ikirudisha nguvu zake, chuchu ndizo zitakazoumia.

Ng'ombe aliye kwenye dawa aendelee na dawa kama daktari alivyoagiza, na maziwa yake yasiuzwe wala kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo umalizike. Pampu mpya haiponyi kiwele kilichokwisha kuambukizwa. Robo zote nne zipimwe tena kabla ya maziwa kuchanganywa na ya wengine.

Mfugaji anayeshuku mashine yake amwone afisa wa mifugo wa wadi yake, na aende na daftari la sekunde kama analo, picha ya kibandiko cha pampu iliyopigwa kwa simu, na orodha ya ng'ombe waliougua pamoja na robo zilizougua. Kama pampu imeshafunguliwa, abebe kibao kimoja cha zamani kwenye bahasha.